Ukirekebisha bodi ya mashine, vipele vya rangi kwanza

Mtu akileta grainda au mashine ya kukereza iliyopasuka bodi, tukishachomelea na kusaga anaanza kuulizia kijivu gani, kijani gani, na mimi kila siku nasema jamani rangi yenyewe siyo kazi, kazi ni vipele vyake, yaani ule uso wake usio laini. Kijivu kikipishana kidogo na cha zamani hakuna atakayegundua, ila ukiacha kiraka laini katikati ya bodi yenye vipele hata aliyesimama mlangoni anakiona, mwanga unapiga tofauti.

Rangi ya hamatoni kwa mfano, ile ya mabonde-mabonde kama chuma kilichogongwa nyundo, ina unga wa aluminiamu na silikoni kidogo, na silikoni ndo inafanya rangi ijivute pembeni, so lazima ibaki mbichi muda wa kutosha. Hapa Dar ukipiga saa saba mchana kwenye chuma cha moto na thina ya kukauka haraka, inakauka kabla haijajivuta unabaki na kijivu cha kawaida tu. Piga asubuhi, kifuniko ukilaze maana kikisimama rangi inatiririka, na mkono (tabaka) wa mwisho uwe mzito, ukizidisha unene mabonde yanakuwa makubwa. Afu tafadhali usipigie karibu na gari linalosubiri rangi, silikoni ikitua kwenye boneti la mtu pale rangi mpya haishiki, inaacha vitundu vya mviringo.

Rangi ya makunyanzi ni habari nyingine kabisa. Juu inakauka kwanza na kutanuka wakati chini bado mbichi, inakosa pa kwenda inajikunja kama utando wa uji. Ukiipiga nyembamba haikunji ng'o! Piga mikono mizito, mmoja wima, mmoja mlalo, mmoja mshazari, bila kusubiri ikauke katikati, halafu ipe joto la taa sawasawa bodi nzima maana upande wenye joto zaidi unakunja vingine.

Rangi ya pauda, ile ya unga mkavu, inaokwa kwenye karibu 180 hadi 200°C, na bodi yenye beringi na waya huwezi kuitia kwenye oveni, kwa hiyo hapo naiga vipele vyake kwa rangi ya kawaida ya kupuliza: mkono wa kwanza presha ya kawaida, ukishashika napunguza presha ya kompresa itoke matone-matone. Jaribu kwanza kwenye bati chakavu, liweke ubavuni mwa mashine umulike tochi kwa pembeni, ndo utaona ukweli.

Na usiishie katikati ya bodi, nenda mpaka kwenye kona au mstari wa boliti. Mashine za zamani msasa uwe wa maji, rangi nyingi za enzi zile zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Ukimaliza usikimbilie kufunga, rangi nene inakauka juu tu, washa, kile kipete cha chini ya boliti, ikikazwa mapema inazama na kuacha pete, mimi naiacha siku kadhaa mpaka kucha isiingie.