Nilivyowazuia Watazamaji Kumchezea Mchezaji

Ninasimamia kikundi kidogo cha sataranji hapa Sinza, ambacho wanachama wake hupambana jioni kwenye Lichess, jukwaa la bure lililoanzishwa mwaka 2010, huku soga zote zikipita kwenye kundi letu la WhatsApp. Wengi wetu tumekulia kwenye vijiwe vya drafti, ambako mtazamaji hupaza sauti "Mle huyo!" na hakuna anayemkemea, na desturi hiyo ilihamia kwenye simu bila mtu kuihoji, hata mechi ya watu wawili ikawa inachezwa na kundi zima.

Lichess imekwishatenganisha chumba cha watazamaji na mazungumzo ya wachezaji, hivyo anayecheza haoni yanayosemwa na wanaomtazama. Niliagiza maoni ya mechi inayoendelea yaandikwe huko, na wakati wa mechi nikalifunga kundi ili wasimamizi pekee waweze kuandika. Hilo lilikuwa jepesi. Kilichonichukua muda ni kuwaeleza watu kwamba hata neno lisilotaja kete yoyote ni msaada. Mtu akiandika "Duh!" peke yake, mchezaji anayelisoma hutambua kwamba ubaoni kuna kitu, na akishajua kipo amekaribia kukipata, hasa katika mechi ndefu ambazo saa inamruhusu kutafuta. Kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinamkataza mtazamaji kuingilia mchezo, na hata akiona kasoro anaruhusiwa kumweleza mwamuzi tu.

Mzee mmoja wa Magomeni, fundi wa drafti, aliniuliza, "Sasa mwanangu, mtazamaji aliyezibwa mdomo anakuja kufanya nini?" Swali lilikuwa la haki. Nilimwomba anitumie mimi peke yangu hatua ambayo yeye angeicheza, na wengine wakaiga. Mechi ikiisha, aliyeshindwa hueleza kwanza alichokusudia, kisha makisio ya watazamaji husomwa, na injini ya Stockfish, programu ya kompyuta inayochambua hatua za mechi, huwashwa mwisho kabisa, kwa sababu ikitangulia kutoa hukumu hakuna anayethubutu kubishana nayo na aliyeshindwa hubaki kuhesabiwa makosa. Ninasisitiza pia kwamba isemwe hatua, asisemwe mtu.

Mzee sasa ndiye anayetuma makisio mengi kuliko wote, na yakipingwa hakubali mpaka mpinzani wake amwoneshe ubaoni, hatua kwa hatua.