Tulivyoanza kuomba pamoja Kawangware

Mtaani kwetu Kawangware, Nairobi, makanisa yamepakana ukuta kwa ukuta, na waumini husemana vibaya: hawa hawajabatizwa kwa maji mengi, wale wanaabudu sanamu. Liliniuma sana, kwa kuwa msiba ukitokea ni sisi kwa sisi tunaokaa matangani.

Nikaanzia huko matangani. Alipofariki jirani yetu Mkatoliki, nilimwomba katekista wao tuongoze maombi ya jioni kwa zamu: leo rozari, kesho nyimbo na neno kutoka kwa Wapentekoste. Akasita. "Mama, na wakiwaambia watu wangu waokoke?" Nikamwahidi kulisimamia hilo mwenyewe. Wachungaji niliwaendea mmoja mmoja, maana mtu akiwa mbele ya wenzake hutetea dhehebu lake.

Tulikubaliana kwamba hakuna kumwalika mtu kanisani kwako wala kuhubiri ubatizo, na mchango uandikwe na watu wa makanisa mawili tofauti, wote uende kwa wafiwa. Hilo la pesa ndilo lililotuliza wengi. Naamini kinachotutenga mtaani mara nyingi ni sadaka kuliko mafundisho. Ibada ya Ijumaa jioni tuliirudisha Alhamisi, kwa kuwa Sabato ya Waadventista huanza jua likizama. Baada ya mazishi watu hawakutaka kuiacha Alhamisi yao.

Vijana wakauliza mbona tusishiriki Meza ya Bwana, yaani ushirika mtakatifu, pamoja. Nilikataa, kwa uchungu, maana Meza iliwahi kukwamisha umoja kama huu. Hapo jirani, mjini Kikuyu, mwaka 1913, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wamisionari wengine walikutana kutafuta shirikisho, wakamaliza kwa ushirika mtakatifu katika kanisa la Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, na shirikisho likakwama. Lakini kazi ya pamoja haikufa: mwaka 1926 misheni za Kiprotestanti zilifungua Alliance High School huko huko Kikuyu.

Nasi tumeshika kazi. Alhamisi tukishaomba tunagawana nyumba za wagonjwa, na sharti langu ni moja: wawili wanaokwenda wasiwe wa kanisa moja. Mama wa Kisabato na mzee wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, ndio wanaompelekea dawa bibi mmoja Mkatoliki asiyeweza kutembea. Meza bado naililia, na kila Januari, kuanzia tarehe 18 hadi 25, wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, ndiyo ninayoiombea.