Mwezi wa tatu na Bartók: bado nimekwama mstari wa tatu

Nilipoanza mradi huu nilijipa wiki sita. Kwenye daftari ulionekana mwepesi: nisome maisha ya Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, nijifunze vipande vyake viwili vitatu kwenye kinanda, halafu ninakili kwa mkono wimbo mmoja wa kijijini kutoka rekodi za enzi zile, kama alivyokuwa akifanya yeye. Maisha nimeyasoma, vipande vinakwenda kwa kusuasua. Wimbo ndio ulionitoa jasho, na huu ni mwezi wa tatu.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimekulia kwenye solfa, na mpaka leo noti za mistari mitano nazisoma taratibu kama mtu anayetafuta funguo gizani. Ndiyo maana mlango wangu wa kuingilia haukuwa Bartók bali rafiki yake, Zoltán Kodály, yule ambaye jina lake limebaki kwenye mbinu ya kufundisha watoto kuimba kwa d, r, m na ishara za mikono. Kodály aliichota solfa hiyo Uingereza, na ni ileile ya John Curwen ambayo wamisionari walizipa kwaya zetu. Nikajiambia, basi hawa ni watu wa nyumbani, nitawaelewa haraka. Sikujua.

Wiki mbili za kwanza: ramani

Hizi zilipotea kwenye ramani, na sijutii. Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 Nagyszentmiklós, mji ambao leo uko Romania na unaitwa Sânnicolau Mare. Baba yake alifariki 1888. Mama, Paula, alikuwa mwalimu, na ndiye aliyemfundisha piano. Akawa anahama na watoto wake wawili kufuata kazi: Nagyszőlős, ambao sasa uko Ukraine, kisha wakaishia Pozsony, yaani Bratislava ya leo, mji mkuu wa Slovakia. Kote huko kulikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria, mpaka Vita Kuu ya Kwanza na mkataba wa Trianon wa 1920 vilipougawanya.

Bila ramani hiyo nisingeelewa kwa nini Mhungaria huyu alihangaika na nyimbo za Waslovakia na Waromania kwa bidii ileile aliyowapa watu wake. Walikuwa majirani. Baada ya mipaka mipya safari za vijijini zikakatika, na nyumbani wakatokea watu wa kumwita msaliti kwa sababu ameandika habari za muziki wa Waromania. Mtu anahesabu nyimbo, wenzake wanahesabu ardhi.

Wiki ya tatu na ya nne: yaya na mama wa Gyergyó

Mwaka 1904 Bartók alikuwa na miaka 23, mpiga piano hodari aliyemaliza Chuo cha Muziki cha Budapest, na tayari alikuwa na kazi kubwa ya okestra, *Kossuth*, yenye uzalendo mpaka pomoni. Muziki wa Kihungaria alioujua ni ule wa bendi za Waroma mahotelini, nyimbo za watunzi wa mjini zilizopambwa kwa fidla. Kiangazi cha mwaka huo alikwenda kupumzika na kufanya kazi Gerlicepuszta, na humo ndani ya nyumba akamsikia yaya akiimba. Binti aliitwa Lidi Dósa, ametoka Transylvania, eneo ambalo leo liko Romania. Bartók akaandika wimbo wake. Desemba akamwandikia dada yake kwamba sasa ana mpango: kukusanya nyimbo nzuri za watu wa vijijini.

Mwaka uliofuata akakutana na Kodály, ambaye alikuwa ameshaanza kuzunguka vijijini, na 1906 wakatoa pamoja kitabu chembamba cha nyimbo 20, kila mmoja akiziwekea kumi usindikizaji wa piano. Kilidoda.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni barua ya Agosti 1907, aliyomwandikia mpiga fidla Stefi Geyer kutoka Gyergyó, milimani Transylvania. Ameiandika kama mchezo wa kuigiza. Anamwomba mama mmoja nyimbo za zamani, zile za bibi zake. Mama anasema hazijui. Anabembelezwa, anatoa wimbo wa kanisani. Hapana mama, si huo. Anatoa wimbo wa mjini uliovuma. Hapana, si huo pia. Wanazunguka hivyo hadi Bartók anakaribia kukata tamaa. Nilicheka peke yangu, maana yeyote aliyewahi kumwomba mzee amwimbie "ule wa zamani" anaujua mzunguko huo: unaletewa kile wanachodhani mgeni msomi anastahili.

Lakini ni safari hiyohiyo ya 1907 iliyomletea alichokuwa akikitafuta. Kule kwa Waszékely, Wahungaria wa Transylvania, alisikia nyimbo zilizojengwa kwa noti tano tu. Kwa solfa yetu ni l, d, r, m, s, na wimbo unatua kwenye l. Ukitaka kuonja, kaa kwenye kinanda uguse vibonye vyeusi peke yake.

Mwezi wa pili: kunakili

Bartók na Kodály walibeba fonografu ya Edison. Mwimbaji anaimbia kwenye pembe, sindano inachora silinda ya nta, na nafasi ni ya dakika mbili na ushee. Kila ukiisikiliza, sindano inaila nta kidogo. Mimi nina kompyuta na naweza kurudia mara mia, kwa hiyo sina kisingizio.

Nilichagua wimbo wa mtindo wa kale, ule wa noti tano, mwanamke peke yake, mistari minne. Jaribio la kwanza lilichukua jioni moja. Nikaugawa kwa mapigo manne manne, nikapigia mstari, nikajipongeza. Siku ya pili nikaupiga kinandani sambamba na rekodi, tukaachana kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Nikawasikilizisha waimbaji wangu baada ya mazoezi. Mama mmoja wa sauti ya pili akaniuliza, "Mwalimu, huyu anaimba au anaongea?"

Nikamwambia, "Vyote, mama." Ndilo jibu alilolitoa Bartók pia, kwa jina la kitaalamu: *parlando-rubato*. Wimbo unafuata maneno, silabi ndefu inasubiriwa, fupi inapita. Hakuna mguu unaogonga sakafu. Nyimbo za mtindo mpya, alizozitenga kando, ndizo zenye mwendo wa kucheza na mapigo thabiti. Nikafuta mistari yote ya mapigo.

Jaribio la pili nilipunguza kasi hadi nusu. Programu inaweza kuzuia sauti isishuke, lakini niliiacha ishuke kwa makusudi, maana kwenye silinda ingekuwa hivyo. Kwa nusu kasi sauti hushuka oktavu nzima, na yule mama akageuka besi mzito. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Nilikuwa nimeandika m moja, kumbe anaigusa m, anapanda s, anarudi, anateleza mpaka r, ndipo anatulia. Sikio langu la kwaya lilikuwa limempigia pasi.

Jaribio la tatu ndilo lililonikwamisha. Nyimbo nyingi za mtindo huu zina ufundi mmoja: mistari miwili ya kwanza iko juu, halafu miwili ya mwisho inarudia uleule mwendo, ukiwa umeshushwa noti tano. Nikafurahi. Nikachukua mstari wa kwanza, nikaushusha kwenye karatasi, nikaandika mstari wa tatu bila kusikiliza. L ikawa r, s ikawa d, m ikawa l, r ikawa s. Na d? D ikishushwa hivyo inaangukia f. Na f haimo kwenye zile noti tano.

Niliiandika f hata hivyo, kwa sababu hesabu ilisema hivyo. Siku tatu baadaye nikausikiliza mstari wenyewe. Hakuna f. Alipofika hapo mama alipita kwenye m, mwepesi kabisa, kama mtu anayeruka dimbwi analolijua. Nilikuwa nimemwandikia noti ambayo hakuiimba, na nilikuwa nimeanza kuizoea.

Nilijifariji kidogo niliposoma kwamba Bartók, alipoachana na kufundisha piano mwaka 1934 ili ashike kazi ya nyimbo katika Akademia ya Sayansi ya Hungaria, alizirudia silinda zake za ujanani na kuzinakili upya, kwa sababu maandishi ya mwanzo hayakumtosha tena. Ukiona kurasa hizo za baadaye utadhani chungu wamemwagiwa wino. Zamani niliona ni ukorofi wa msomi.

Vipande, kwa ufupi

*Ngoma za Kiromania* za 1915 ni sita. Ya kwanza, ngoma ya fimbo, naipiga bila kusita. Ya tatu, ambayo wachezaji hukaa papo hapo, ni fupi na inazunguka noti chache tu, lakini kila nikiipiga mtoto wangu anatoka chumbani kuuliza nani amefariki. *Mikrokosmos* ina vipande 153 katika vitabu sita. Nimemaliza kitabu cha kwanza.

Miaka ya mwisho

Niliisoma haraka, inaumiza. Mwaka 1936 aliweza tena kukusanya, safari hii Uturuki, akiwa na Adnan Saygun, mtunzi wa huko. Mama yake alifariki 1939, na Oktoba 1940 akaondoka Ulaya na mkewe Ditta. Kabla ya kuondoka aliandika wosia kwamba maadamu Hungaria bado ina mtaa wenye jina la Hitler au Mussolini, wake usiwepo. New York alipewa kazi ya kunakili, katika Chuo Kikuu cha Columbia, nyimbo za Waserbia na Wakroatia kutoka rekodi za Milman Parry, msomi wa Marekani. Miaka 60, mgonjwa, ugenini, bado yuko na sikio kwenye mkwaruzo. Alifariki kwa leukemia, saratani ya damu, tarehe 26 Septemba 1945. Konseto ya Tatu ya Piano ilikuwa imebakiza baa 17 tu kukamilika. Mabaki yake yalirudishwa Budapest mwaka 1988.

Hali ilivyo leo

Mstari wa kwanza na wa pili umekamilika. Wa tatu nimeufuta wote na kuuanza upya, nusu kasi, pumzi kwa pumzi, nimefika katikati. Wa nne nimeusikiliza tu. Noti yake ya mwisho imefunikwa na mkwaruzo wa silinda. Solfa inaniambia lazima ni l. Daftarini nimeacha nafasi wazi.