Nilivyorekodi nyimbo za Wambuti katika msitu wa Ituri

Uimbaji wa Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hauna mwimbaji mkuu na waitikiaji nyuma yake. Kila mtu ana kipande chake: mmoja anaanza, mwingine anaingia pale wa kwanza alipoacha nafasi, wa tatu anarusha sauti kutoka kifuani hadi kichwani juu ya wote wawili, na kitambo kidogo tu huwezi tena kusema nani kashika nini. Nyimbo nyingi zina maneno machache sana, zilizobaki ni irabu. Kwa hiyo kazi yangu yote nimeielekeza kwenye jambo moja: atakayesikiliza baadaye aweze kumfuata mwimbaji mmoja mmoja, asiishie kusikia mvumo mzuri wa umati.

Ruhusa kwanza. Takriban sehemu moja ya tano ya msitu iko ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye kituo chake Epulu, na humo huingii kufanya kazi bila kibali cha ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira. Kisha kuna wakulima, Wabila au Walese kulingana na upande wa msitu, ambao familia zao zimekaa na Wambuti vizazi na vizazi na mara nyingi huzungumza kwa niaba yao. Mwenye shamba nampa heshima yake na kumsikiliza, lakini neno lake halitoshi. Ruhusa yenyewe naiomba kambini, jioni watu wote wakiwapo, wanawake pia, maana wao ndio wenye sehemu kubwa ya sauti. Naeleza nitarekodi nini, nakala zitakwenda wapi na nani atazisikia. Mazungumzo nayafanya kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo, ila kwa wazee huwa na mkalimani wa Kibila, au wa Kilese nikiwa kwa Waefe, kundi la Wambuti wanaozungumza Kilese.

Malipo nayatoa kwa kambi nzima: chumvi, tumbaku, panga, sabuni, kwa mgao sawa kwa kila kibanda. Ukiwalipa walioimba tu, kesho yake wimbo mmoja utaimbwa na watu wanaosukumana kuikaribia maikrofoni, na mpangilio wa sauti umekwisha haribika.

Vifaa visizidi kilo 8, kwa sababu kambi huhama wanyama wanapopungua, nawe unahama nayo. Nachukua kinasa sauti cha njia nne (kinachorekodi kila maikrofoni peke yake), maikrofoni mbili za kondensa (zinazohitaji umeme na kunasa hata sauti nyembamba), mbili za dainamiki (ngumu zaidi, zisizohitaji umeme), stendi moja, hedifoni zinazofunika masikio na vifuniko vya upepo. Narekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Saa moja ya njia mbili inakula takriban gigabaiti moja, ya njia nne takriban mbili, hivyo kadi ya gigabaiti 64 inatosha saa 30 hivi. Marekebisho ya sauti ya kujiendesha yanazimwa kabisa. Vijiti wanavyogonganisha vina mlio mkali sana. Kifaa kikijirekebisha chenyewe, kila kijiti kikigonga sauti za wanawake zinazama, halafu zinaibuka tena. Kilele cha sauti nakiacha kwenye desibeli 12 chini ya kikomo, wakati mwingine hata 18, kwa kuwa wimbo unaoanza na watu watatu unaweza kufika thelathini.

Mahali pa maikrofoni ndipo penye kazi yenyewe. Wanaimba wakizunguka moto, na kila mgeni hushawishika kusimamisha stendi ukingoni mwa duara. Matokeo yake mgongo wa kila anayepita unafunika wengine, sauti inapanda na kushuka, na huwezi kumfuata mtu hata mmoja. Katikati nako kuna moto: kuni mbichi zinapasuka, moshi unaingia kwenye kifaa. Mimi nasimamisha stendi mita tatu nje ya duara, upande ambao moshi hauelekei, maikrofoni mbili za kondensa zikiwa mita mbili juu ya ardhi. Wambuti ni wafupi, kwa hiyo kimo hicho kinavuka vichwa vyote. Nazitenganisha sentimita 17, zikiachana kwa pembe ya digrii 110, na kuziinamisha kidogo kuelekea upande wa mbali wa duara. Zile mbili za dainamiki naziweka chini kwenye vigogo, kila moja mbele ya kundi la wanawake walioketi na watoto. Hao hawazunguki, na aghalabu ndio wanaoushikilia msingi wa wimbo. Njia nne hizi zikisikilizwa moja moja, sauti zinaanza kuachana.

Saa nayo ina uzito. Kuanzia saa 12 jioni nyenje wanajaza msitu kwa mlio mwembamba usiotoka kwenye rekodi bila kuondoka na ukali wa vijiti na makofi. Nasubiri watulie, kwa kawaida hadi saa 2 usiku. Mvua ikikatika usikimbilie kuwasha: majani yanaendelea kudondosha matone kwa muda mrefu, na kila tone linasikika.

Unyevu ndio adui mkubwa. Maikrofoni ya kondensa ikiloa inavujisha chaji, inaanza kuchachatika kama mafuta kikaangoni. Inalala ndani ya sanduku lisilopitisha hewa pamoja na gramu 200 za silika jeli, punje zinazofyonza unyevu. Punje zikibadilika rangi nazikausha kwenye sufuria kavu juu ya makaa hafifu hadi rangi irudi. Za dainamiki hazina shida hiyo, ndiyo sababu hazikosi mzigoni. Paneli ya sola chini ya miti haifanyi kitu. Ipeleke kwenye uwazi wa mto, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Asubuhi yake ndipo sauti zinapotenganishwa. Njia hii inatoka kwa mtafiti wa muziki Simha Arom, aliyeitumia Jamhuri ya Afrika ya Kati katika miaka ya 1970: mwimbaji mmoja anarekodiwa peke yake, wa pili anaimba kipande chake akimsikiliza wa kwanza kwenye hedifoni, na kuendelea. Ugumu ni kwamba wengi hawawezi kuanza peke yao, kwa sababu kipande chao kinakaa kwenye pengo la jirani. Basi jirani anaketi mgongoni mwake na kumwimbia taratibu sikioni mpaka ashike. Kila mmoja naye aimbe angalau dakika tatu. Dakika ya kwanza anatoa umbo la kawaida tu. Mabadiliko anayoyapenda yeye mwenyewe yanakuja baadaye.

Elima, sherehe ya wasichana waliovunja ungo, inataka mpango mwingine: wasichana wako ndani ya nyumba, wanaume wanajibu kutoka nje. Maikrofoni ya ndani anaiweka mwanamke, mimi nabaki nje.

Molimo sirekodi mpaka wazee watamke wenyewe. Tarumbeta hiyo hulia usiku, wanawake na watoto wakiwa wamejifungia vibandani. Wakikubali, faili zake zinakaa kwenye diski ya peke yake, na hazichezwi kambini mchana.

Mwanzo wa kila rekodi natamka tarehe, kambi, jina la wimbo na shughuli inayouhusu: asali, wavu, maziko. Majina ya waimbaji naandika kwa penseli, wino unayeyuka. Siku inayofuata tunasikiliza wote kwa spika ndogo, njia moja moja, na wao ndio wanaosema hii ni sauti ya nani. Bila kikao hicho orodha yangu haina thamani. Nakala mbili zinakaa kwenye mifuko miwili tofauti, ya tatu inatoka msituni na mtu wa kwanza anayekwenda mji wa Mambasa. Ya nne ni kadi ndogo ya simu, nayo inabaki kambini kwa yule watakayemchagua.