Huyu Ameshahamia

Leo asubuhi kitindamimba wangu alichuchumaa kando ya ukuta wetu wa mawe ya volkano, akaniita: "Papa, huyu buibui amekufa? Yuko tumbo juu." Nikainama. Utando mdogo ulikuwa umelala bapa kati ya mawe mawili, na buibui wa kadiri ya punje ya ulezi ananing'inia chini yake. "Hajafa. Ndivyo anavyokaa," nikajibu, na hapohapo mama akanijia machoni.

Tarehe 17 Januari 2002, Alhamisi, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulivuka mpaka wa Kongo kwenda Gisenyi, Rwanda, tukiwa na magodoro kichwani. Tuliporudi Goma, nyumba haipo. Mwamba mweusi tu, bado wa moto. Tukakaa kwa mjomba.

Mvua zilipoanza tena, mama akapata kijana wa kuvunja mawe, tujenge juu ya mwamba uleule wa volkano. Tulifika na ukungu. Hakuna jani, hakuna nyasi. Kijana alikwisha inua nyundo mama alipomshika mkono: "Ngoja kwanza." Akapiga magoti. Ndani ya ufa, nadhani juu kabisa ya lililokuwa jiko letu, palikuwa na utando wa upana wa kiganja, umetandazwa kama kitambaa cha kufunikia chakula, umejaa matone. Juu yake nyuzi zimevutwa huku na huku. Kijidudu chenye mabawa kikagonga nyuzi, kikaanguka kwenye utando. Buibui akakimbia kwa chini, mgongo ukitazama ardhi, akakiuma kupitia utando, akakivuta upande wake.

Mama akasema polepole, "Huyu ameshahamia."

Nilipokuwa nasomea ualimu ndipo nikajua jamaa yao inaitwa Linyphiidae, ina spishi zaidi ya 4,000, na wengi hawafiki milimita 3. Hupanda mahali palipoinuka, huinua tumbo, huachia uzi, upepo ukawabeba. Kwa njia hiyo buibui huwa miongoni mwa viumbe vya kwanza kufika kwenye lava iliyopoa, wakila wadudu walioletwa na upepo uleule.

Kijana alianzia upande mwingine. Jiwe lile liliachwa siku tatu. Siku ya nne nilitoka shule nikakuta limevunjwa. Sikuuliza nani, na mama hakusema. Huenda limo kwenye ukuta huu.

Mwanangu amenyoosha kidole, ananisubiri nimwambie kama anaweza kumgusa.