Salfa haifiki +8: namba za uoksidishaji katika ioni za atomu nyingi

Kwenye salfeti, SO₄²⁻, namba ya uoksidishaji ya kila oksijeni (chaji ambayo atomu huhesabiwa kuwa nayo ndani ya kampaundi au ioni) ni −2. Zipo nne, jumla −8, basi wengi huandika haraka kwamba salfa ni +8. Kuzidisha kuko sawa, ila wamesahau chaji. Namba za uoksidishaji hujumlika kuwa sifuri katika kampaundi isiyo na chaji. Katika ioni, jumla ni chaji yenyewe. Kwa hiyo x + 4(−2) = −2, na x = +6.

Kosa hili unaweza kulinasa mwenyewe. Salfa ina elektroni 6 kwenye ganda la nje, na haina nyingine za kutoa, kwa hiyo haipandi juu ya +6. Upande wa chini nao una mpaka. Naitrojeni ina elektroni 5 za nje na huhitaji 3 tu kutimiza 8, hivyo haishuki chini ya −3. Ukipata −4 kwenye NH₄⁺, umeiacha chaji tena: x + 4(+1) = +1, x = −3.

Dikromati, Cr₂O₇²⁻, hukosewa kwa namna nyingine. 2x − 14 = −2 inatoa 2x = +12, na hapo watu huweka kalamu chini. Hiyo +12 ni ya atomu mbili. Kila kromiamu ni +6. Kromati, CrO₄²⁻, nayo ni +6, ndiyo maana rangi ya njano inapogeuka ya machungwa kwa kuongeza asidi hakuna kilichooksidishwa (kupoteza elektroni) wala kuridyusiwa (kupokea elektroni).

Ioni ninayoipenda kuliko zote kwa somo hili ni S₂O₈²⁻. Chaji umeikumbuka, umegawa kwa 2, na bado salfa inatoka +7! Hapa kilichokosewa ni dhana kuhusu oksijeni. Oksijeni mbili kati ya nane zimeungana zenyewe kwa zenyewe, kama kwenye peroksidi, na kila moja ni −1. Andika upya: 2x + 6(−2) + 2(−1) = −2, x = +6. Ioni hii ni kioksidishaji kikali kwa sababu ya oksijeni hizo mbili: ndizo zinazopokea elektroni na kushuka hadi −2, na salfa inabaki +6 ilipokuwa.

Kipimo cha mipaka hakishiki kila kitu. Ukikokotoa NH₄NO₃ kwa mkupuo, naitrojeni inatoka +1, namba isiyovuka mpaka wowote lakini isiyo ya atomu yoyote humo. Tenganisha ioni kwanza: −3 kwenye NH₄⁺, +5 kwenye NO₃⁻. Vivyo hivyo, +2.5 ya salfa kwenye S₄O₆²⁻ ni wastani wa atomu nne zisizolingana. Iache hivyo hivyo. Ukiikadiria kuwa +2 au +3, mlinganyo wa elektroni hautasawazika.