Dalali akisema "bei ya soko"
Tangazo la chumba cha kupanga Nyegezi, Mwanza: "masta, maji ndani, luku yake, miezi sita." Mwenye nyumba akipanga kodi kwa kulinganisha matangazo kama hilo, hakuna ubaya. Balaa ni data za siri. Agosti 2024 serikali ya Marekani iliishtaki RealPage, kampuni ya programu ya kupanga kodi za nyumba, ikidai kuwa wenye nyumba wanaoshindana walikuwa wakiilisha programu yake kodi halisi wanazotoza, nayo inawarudishia bei ya kupendekeza. Hawajakaa kikao, ila bei zinasukumwa upande mmoja (kikao chao ni seva ya programu hiyo). San Francisco ikapiga marufuku programu za namna hiyo mwaka huohuo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukubaliana bei. Kanuni ya programu hizi ikitungwa, ibane data za siri za mshindani, isibane programu ya kukokotoa yenyewe.